Bibi Aliyetunyima Pampu

Ukipita kijijini kwetu leo ukauliza habari za Febronia, vijana watakujibu huku wakicheka: yule bibi aliyetunyima pampu. Hawakumjua. Wengi wao walikuwa bado wanabebwa mgongoni alipokuwa hai, lakini lawama wameirithi kwa wazazi wao pamoja na mashamba. Mimi nilimjua tangu anaolewa, na nilikuwepo siku aliyosema maneno yaliyotukosesha hiyo pampu. Wengine waliokuwepo ama wamekufa ama wanaona aibu kusimulia. Basi nitasimulia mimi.

Kijiji chetu kiko Singida, mbele ya Mtinko, ukielekea kaskazini. Nchi ile maji yake ni ya chumvi. Unaweza kuchimba mpaka nguvu zikuishe, ukapata maji ambayo punda anayanusa na kugeuza kichwa. Sehemu moja tu, korongoni chini ya jabali, palikuwa na mshipa wa maji matamu. Hapo wazee wetu walichimba kisima wakakijengea kwa mawe, zamani ambayo hata babu yangu aliisikia tu.

Febronia alipoletwa kijijini kama mke alikuwa msichana mrefu, mkimya, mwenye kucheka kwa macho. Mumewe alikufa mapema kwa homa. Mtoto wao mmoja, Mathayo, alikua, akasikia habari za dhahabu ya Sekenke wakati ule wa ruksa, kila mtu aliporuhusiwa kuchimba na kuuza atakavyo. Alikwenda na sururu ya baba yake na hakurudi. Wapo waliosema shimo lilimwangukia, wapo waliosema ameoa mbali huko na amesahau kwao. Mama yake hakuchagua la kuamini. Aliendelea kuitwa Mama Mathayo, na aliendelea kuitika.

Alikuwa mwangalizi wa kisima. Neno hilo leo linaonekana dogo, kwa hiyo inanipasa nieleze.

Mwangalizi hakuchaguliwa na mwenyekiti wala na wazee wa ukoo. Alichaguliwa na wanawake wenyewe. Walitaka mjane aliyekwisha kuzaa, asiye na mwanamume wa kumwogopa nyumbani, na asiyejulikana kwa kusengenya. Kazi yake ilikuwa kuweka uzio wa miba, kupanga zamu, na kumtanguliza aliyetoka kujifungua. Maji hakunyimwa mtu, hata mpita njia. Kila nyumba ilimpelekea kibaba cha mtama wakati wa mavuno, naye hakupungukiwa. Alama ya kazi yake ilikuwa kata ya kibuyu ya kuchotea maji, nyeusi kwa kushikwa na mikono ya wanawake waliomtangulia.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa siku moja katika mwaka. Mavuno yakiisha, kabla upepo mkali wa kiangazi haujaanza, kisima kilisafishwa. Wanawake wote walikuja na mitungi yao. Wanaume tulikaa upande wa pili, kwenye jabali, na mifugo yetu yenye kiu. Mwangalizi alipaswa kushuka mpaka chini, atoe tope, kisha akandike udongo wa kichuguu kwenye ukuta wa upande wa mashariki, maana huko ndiko chumvi ilikojaribu kupenya. Na iliaminika kwamba akishuka huku juu kuna watu wenye ugomvi usiosemwa, mawe yatamwangukia. Kwa hiyo kabla ya kushuka alisimama mdomoni mwa kisima, kata mkononi, akauliza:

"Nani ana neno na mwenzake?"

Mwenye neno alilisema pale, mbele ya wote. Aliyetajwa alijibu pale. Yakaisha pale, kwa mbuzi au kwa kuombana radhi, na ndipo mwangalizi aliposhuka. Hakuna aliyechota tone moja kabla yake.

Nitatoa mfano mmoja ili mwanangu anayesoma hapa asidhani nasimulia ndoto. Laurian alikuwa mtu wa ng'ombe wengi kuliko sisi wote, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Mwaka mmoja mkewe alikuja kisimani mkono umefungwa kwa vipande vya miti. Febronia alipouliza swali lake, yule mke akasema, "Mimi ninalo."

Laurian akapaza sauti kutoka jabalini. "Mambo ya nyumbani kwangu hayahusu kisima!"

"Sawa, baba," Febronia akamjibu, wala hakukasirika. "Basi sishuki." Akakaa chini, akaweka kata mapajani.

Jua likapanda. Ng'ombe wakaanza kulia, na ng'ombe mwenye kiu hulia kama mtu. Mzee mmoja akamwambia Laurian, "Bwana, sisi mkeo hatukumpiga. Kwa nini ng'ombe wetu wafe?" Mwingine akasema, "Au wewe mkono wako una thamani kuliko zizi langu?" Tulimsukuma kwa maneno mpaka akavuka korongo, jitu zima, akasimama mbele ya mkewe na kuangalia vidole vya miguu yake. Mbuzi aliletwa. Laurian hakumpiga tena mkewe, si kwa sababu alikuwa amebadilika moyo, bali kwa sababu alijua mwaka una mwisho na kisima kina mdomo.

Hatukuwa malaika. Tulikuwa na njaa, tulikuwa na wachawi wetu, na tulikuwa na wanaume kama Laurian. Lakini tulikuwa na mahali pa kulipeleka neno.

Kisha ikaja miaka ile iliyokitia kila kitu bei. Duka la ushirika lilifungwa, na jengo lake akapanga mfanyabiashara wa mitumba. Zahanati tukaambiwa tuchangie. Shule tukaambiwa tuchangie. Pampu ya serikali iliyowekwa shuleni enzi za vijiji vya ujamaa ilikuwa imekufa siku nyingi, na fundi wa maji wa wilaya alikuwa amepunguzwa kazini, anauza mafuta ya taa sokoni Mtinko. Vyama vikawa vingi, wanasiasa wakawa wengi, na kila aliyekuja alituambia kwamba serikali sasa haifanyi biashara. Nilijiuliza, kumpa mtoto maji nako ni biashara? Mimi ni mtu niliyejifunza kusoma ukubwani, kwa kibatari, katika madarasa ya elimu ya watu wazima. Labda yako mambo ambayo hayakuandikwa katika vitabu vyetu.

Katika hali hiyo likaja gari jeupe la mradi. Ndani yake alikuwemo binti mmoja, Eliana, mwenyeji wa Kiomboi, aliyesoma chuo kikuu. Nataka kusema haki yake: hakuwa na majivuno. Alipofika kwa Febronia alipiga magoti kama alivyolelewa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu hawajambo? Mvua?"

"Hawajambo, bibi. Mvua hakuna."

"Basi tuko pamoja."

Mkutanoni Eliana alieleza kwamba huko Ulaya umeanzishwa mfuko mkubwa. Zamani, alisema, wafadhili walileta pampu bila kuuliza haki za watu, na pampu zikafa. Sasa mataifa yamekubaliana kwamba maendeleo hayawezi kuwa endelevu kama haki za binadamu hazimo ndani yake. Kwa hiyo mfuko utatoa vyote viwili. Kwanza elimu ya haki, hasa kwa wanawake. Kisha, awamu ya pili, kisima kirefu cha mashine na pampu.

Hayo yalikuwa maneno mazuri. Hata leo nayaona mazuri. Ila mwisho akaongeza, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba mfuko unaanza na vijiji visivyo na chanzo chochote cha maji salama, na kwamba wiki inayofuata watakuja wataalamu kuangalia.

Mwenyekiti wetu aliitwa Mughwai. Alikuwa kijana wa mageuzi, shati limechomekwa, mwepesi wa hesabu. Gari lilipoondoka hakuturuhusu kutawanyika.

"Mmesikia wenyewe," alisema. "Wanataka kijiji kisicho na maji. Sisi tunacho kile kishimo cha korongoni. Kwa kishimo kile tutanyimwa pampu, na watapewa wenzetu."

"Unataka kusema nini?" nikamwuliza.

"Kifukiwe. Kwa muda tu."

Nikasema kwamba mtu hafukii maji anayoyanywa kwa sababu ya maji aliyoahidiwa. Akanicheka. "Mzee wangu, Azimio lilishakufa, na wewe bado unalilindia kaburi? Hizi ni zama za kushindana! Ukionekana unacho, hupewi." Watu wakacheka pamoja naye. Utani wake ulikuwa mzuri, nakiri hilo.

Ndipo Febronia akasimama. Hakuwa na mazoea ya kusema katika mikutano ya kijiji, maana yeye mkutano wake ulikuwa mmoja.

"Mwenyekiti, mwanangu," alisema, "ukimfukia mtu kwa muda, utamfukua akiwa mzima?"

"Mama Mathayo, hilo ni shimo, siyo mtu."

"Limejengwa. Lina udongo wake ukutani. Ukitupa mawe mle, udongo utavunjika, na chumvi itaingia."

"Tukipata pampu, nani atakumbuka chumvi?"

Aliyenishangaza ni Dorika. Alikuwa mke kijana wa Sostenes, mwenye watoto wadogo wawili, na Febronia alikuwa anamtayarisha kuipokea ile kata siku moja, atakapozeeka na kubaki mjane, wanawake wakimchagua. Dorika akamshika mkono mama yule na kumbembeleza. "Mama, pampu itawekwa pale shuleni. Nitachota huku naona moshi wa jiko langu. Mgongo wangu umechoka, mama." Na wanawake wengi wakaitikia kwa kichwa. Siwalaumu. Korongo liko mbali, na mtungi ni mzito.

Febronia aliwaangalia mmoja mmoja. Angekuwa na moyo wa ukaidi angelala mdomoni mwa kisima na hakuna ambaye angemfukia. Lakini yeye alikuwa wa wanawake, walimchagua wao, na sasa walikuwa wamesema. Akakaa.

Kilifukiwa kesho yake mchana. Wanaume walivingirisha mawe kutoka jabalini, wanawake wakaleta mchanga kwa ungo. Jiwe la kwanza lilipoanguka tulisikia sauti ya maji. La pili pia. Baada ya hapo ikawa sauti ya mawe juu ya mawe. Mughwai akaamuru uzio wa miba uchomwe ili pasionekane alama. Wataalamu walikuja, wakaona korongo kavu, wakatusikitikia sana.

Semina ilifanyika shuleni. Haki zilikuwa zimeshapata fedha zake, kwa hiyo hazikuchelewa. Karatasi kubwa zilibandikwa ukutani, tukachora kitu kinachoitwa mti wa matatizo, mizizi chini na matawi juu. Tulikunywa soda. Wanawake walipewa posho, na kusema kweli kwa wengine ilikuwa mara ya kwanza kushika noti ambayo haikupitia mkononi mwa mume. Hilo lilikuwa jema, sitalificha.

Siku ya mwisho Eliana alimwita Febronia mbele. Alimshika bega kwa upendo. "Tumwangalie mama huyu," alisema. "Ni mjane. Hana mtoto wa kumtunza, hana ng'ombe. Huyu ndiye mwanamke asiye na sauti tunayemzungumzia."

Darasa zima likaangua kicheko. Eliana akatuangalia hajui tumecheka nini. Hakujua kwamba mwanamke yule aliwahi kukaa chini tu, na wanaume wa kijiji kizima wakanyenyekea.

"Sauti ninayo, mwanangu," Febronia akasema. "Nilichokosa ni..."

Mughwai akakohoa kikohozi kikubwa. Febronia akamwangalia, akarudi kukaa. Alikuwa amekubali neno la wenzake, naye hakuwa mtu wa kukubali mchana na kukataa jioni.

Awamu ya pili ikasubiriwa. Mvua za mwaka ule hazikunyesha. Tuliambiwa fedha za maji ziko njiani, kisha tukaambiwa bajeti inapitiwa upya, kisha tukaambiwa wafadhili wamebadili mwaka wao wa fedha. Wanawake wakaenda kuchota kwenye lambo la kijiji jirani, safari ya kutoka alfajiri na kurudi jua limepinda, kwa maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Huko wenyeji waliwatukana. "Nendeni mkachote haki zenu!" waliwaambia, maana habari za semina zilikuwa zimewafikia.

Siku moja Dorika alichelewa kurudi. Sostenes alikuwa amekunywa pombe ya mtama bila kula, na alipomwona mkewe anaingia na nusu ndoo aliuliza hiyo nyingine alimpa bwana gani. Alimpiga kwa mchi. Kesho yake Dorika alikuja kwa Febronia, nami nilikuwa pale nikimtengenezea dari ya tembe yake.

"Mama, nina neno," alisema. Mkono wake wa kushoto haukuweza kunyooka.

"Tulifundishwa nini kwenye semina?" Febronia akamwuliza, na sikusikia kejeli katika sauti yake. Alitaka kujua kweli.

"Nimekwenda kwa mwenyekiti kama tulivyofundishwa. Kasema niende mjini nichukue fomu ya polisi. Nauli sina. Kaniambia nimsubiri Eliana."

Febronia aliinuka. Kisha akachukua jembe na kata.

Walikwenda wanawake wachache, wakafukua kisima kwa mikono na majembe mpaka wakafika kwenye mawe yaliyolowa. Febronia alishuka, mzee kama alivyokuwa. Akajaza kata, akaonja, akaipitisha juu bila kusema. Dorika akaonja akatema. Ukuta wa mashariki ulikuwa umebomoka wote. Kiangazi chote kilichofuata Febronia alijaribu kukandika udongo, na kila mara ulidondoka. Maji yakabaki chumvi. Kisima chenye maji yasiyochoteka hakina siku yake, na pasipo siku, yeye angesimama wapi aulize? Ndivyo nilivyomwelewa. Hakulilia maji tu. Alililia pale mahali pa kusimama.

Ndipo tukapata habari kwamba wageni wanakuja. Mama mmoja wa Kizungu kutoka kwenye mfuko wenyewe, anayekuja kuona jinsi haki zilivyoota kabla ya kutia sahihi fedha za pampu. Mughwai alitupanga. Alituambia nani aseme nini, na Febronia aseme sentensi moja tu: kabla ya mradi nilikuwa sijui haki zangu.

"Sentensi hiyo ni ya kweli?" Febronia akamwuliza.

"Mama, ni ya pampu."

Shule ilikuwa imefungwa, vyoo vyake vimejaa. Kwa hiyo mkutano ukafanyika nje, karibu na korongo, kwenye kivuli cha jabali, maana kivuli kingine cha kututosha hakikuwepo. Wanawake walikaa upande mmoja, wanaume upande wa pili, maana ndivyo miguu yetu ilivyozoea pale. Mama wa Kizungu alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, ameungua jua puani. Alizungumza taratibu, na Eliana akatafsiri:

"Anasema leo ni siku yenu. Asiwepo wa kuwasemea. Anasema kila mwenye jambo moyoni alitoe, mbele ya wote, na hakuna atakayeadhibiwa kwa kusema."

Nilimwona Febronia anainua kichwa. Lazima uelewe jambo hili, la sivyo utamcheka kama wanavyomcheka vijana. Maneno yale aliyajua. Alikuwa ameyaishi. Wanawake upande huu, wanaume upande ule, jabali, korongo, na mtu anayesema kila mwenye neno alitoe. Aliamini kwamba hatimaye amewaelewa hawa watu wa haki, kwamba wamesafiri bahari nzima kuja kufanya kile alichokuwa akikifanya yeye kila mwaka. Akasimama na kata mkononi. Uso wake ulikuwa umerudi ule wa zamani, wa kucheka kwa macho.

"Nani ana neno na mwenzake?"

Dorika alitazama chini. Mughwai akatabasamu na kuanza kupiga makofi, ili wageni wadhani ni wimbo.

"Basi mimi ninalo," Febronia akasema. "Nina neno na Mughwai. Hapa palikuwa na kisima, nami nilikuwa mwangalizi wake. Mughwai aliamuru kifukiwe ili wageni waone hatuna maji. Sisi tukakubali, na neno hilo liko kwetu pia. Maji yameharibika. Na huyu Dorika ana lake juu ya mkono wake, hana pa kulisemea. Mughwai, mwanangu, njoo usimame hapa ulijibu neno hili, tumalize, turudi kujenga."

Na akangoja. Alimngojea kwa wema kabisa. Kwake hapakuwa na usaliti wowote. Neno limesemwa, mtu atavuka, mbuzi atatafutwa, yataisha.

Mughwai hakuvuka. Alikuwa anamwangalia Eliana, na sote tukamwangalia Eliana. Mama wa Kizungu alikuwa amemwinamia anauliza. Binti yule akalamba midomo. Angeweza kusema bibi anashukuru. Jabali zima lilikuwa linamwomba aseme hivyo, na nitasema ukweli wangu, sijui mimi nilikuwa naomba nini. Akavuta pumzi, akatafsiri. Alitafsiri kwa kirefu, akionyesha kwa kidole mahali penye mawe.

Yule mama alinyanyuka, akamwendea Febronia, akamkumbatia mbele yetu. Machozi yalimtoka. Alisema kwamba katika safari zake zote hajaona ushujaa kama ule. Akapanda gari.

Mwezi haukupita, Eliana akarudi, safari hii kwa lori la alizeti, si kwa gari jeupe. Mkataba wake ulikuwa umekatwa. Alikuja kwa nauli yake kutuambia kwa mdomo wake, na kwa hilo namheshimu. Kanuni za mfuko, alisema, haziruhusu fedha kwenda kwenye kijiji kilichotoa habari za uongo. Mradi wa haki hauwezi kujengwa juu ya udanganyifu. Pampu yetu ilikuwa imehamishiwa wilaya nyingine.

"Na ule ushujaa?" nikamwuliza.

"Wameuandika kwenye ripoti, babu," alisema. "Ukurasa wa mbele. Na picha yake ipo."

Hapo ndipo Febronia alipogeuka kuwa yule bibi aliyetunyima pampu. Mughwai hakupata lawama. Alisema alijaribu kutuletea maji, mwanamke mmoja akabwabwaja, na watu wakaona ni kweli. Walioumia zaidi ndio waliomchukia zaidi. Wanawake waliporudi kutoka lambo la jirani na ndoo vichwani, walipita mlangoni kwake bila kugeuka. Mmoja alisimama tu kumwambia, "Ungenyamaza, Mama Mathayo. Siku moja tu katika maisha yako ungenyamaza." Mavuno haba yalipokuja, hakuna nyumba iliyompelekea kibaba. Na kwa nini wampelekee? Alikuwa mwangalizi wa nini?

Mwishoni mwa mwaka ule mvua za El Nino zilishuka, zile ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Korongo likawa mto, likahama njia yake, na lilipokauka hatukuweza hata kuonyeshana mahali kisima kilipokuwa. Nilikwenda na Febronia kutafuta. Tulizunguka pale jabalini kama watu waliodondosha sindano. Mwishowe akasema, "Twende, baba, jua linatuchoma bure."

Aliishi miaka michache baada ya hapo. Dorika alimpelekea maji, kwa siri mwanzoni, baadaye kwa wazi, kwa mkono wake uliopona vibaya. Sostenes aliendelea kuwa Sostenes. Febronia alipougua, alimwomba Dorika jambo moja. Alitaka Mughwai aitwe. "Nina neno naye na halijaisha," alisema. "Sitaki kushuka nikiwa nalo."

Nilikwenda mwenyewe. Mke wa Mughwai alinipokea vizuri, akanipa kigoda, akaniambia mume wake hayupo. Alikuwa amekwenda Singida mjini kwa wiki nzima, semina ya utawala bora kwa viongozi wa vijiji. Wafadhili wengine, fedha nyingine. Nilirudi nikampa Febronia jibu hilo kama lilivyo, maana hakuwa mtu wa kudanganywa. Alifumba macho. Nilidhani amelala, kisha nikasikia anauliza kwa sauti ndogo lile swali lake, si kwa Mughwai tena, kwetu sisi wawili tuliokuwa chumbani.

"Hatuna neno na wewe, mama," Dorika akamjibu.

Tulimzika siku mbili kabla Mughwai hajarudi. Alirudi amevaa fulana mpya yenye maandishi ya haki mgongoni, akaja kutoa pole, akasema marehemu alikuwa hazina.

Kata aliichukua Dorika. Juzi nilipita kwake nikaikuta imepasuka ukingoni. Anachotea pumba za kuku.